Imani ya afisa na haki ya raia: Sheria yasemaje?

Mkazi wa Nyalenda mjini Kisumu anayehitaji barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake au huduma ya kupanga uzazi katika zahanati ya umma, hana nafasi ya kuchagua ni nani atakayemhudumia. Humkuta afisa aliye zamuni siku hiyo. Afisa huyo naye, sawa na Wakenya walio wengi, ni mtu wa dini, na yapo mambo ambayo imani yake humwambia kuwa ni dhambi au ni haramu.

Je, itakuwaje pale jambo ambalo sheria inamwagiza afisa alitende ndilo ambalo dini yake inamkataza? Raia arudishwe nyumbani ili dhamiri ya afisa isivunjwe, au afisa ashurutishwe kutenda asichokiamini ili raia asibaguliwe?

Suala hili limezua kesi ndefu mahakamani katika mabara kadhaa. Nchini Kenya lilipata uzito mpya tangu Katiba ilipozinduliwa Agosti 27, 2010. Sababu ni kwamba Katiba hiyo hiyo inampa afisa kinga na inampa raia haki, bila kutamka kwa maneno ya moja kwa moja ni ipi itakayotangulia pindi mbili hizo zinapogongana.

UFUO WA MADHEHEBU MENGI

Nyalenda, iliyogawanywa katika wadi za Nyalenda A na Nyalenda B, ni miongoni mwa mitaa ya mabanda yenye watu wengi mjini Kisumu. Upande mmoja imepakana na Milimani, mtaa wa watu wenye uwezo, na upande wa pili inateremka kuelekea Dunga na Ziwa Victoria.

Eneo zima la ufuo wa ziwa hilo lina historia ndefu ya dini kuishi ubavu kwa ubavu. Reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, ilileta Wahindu, Masingasinga na Waislamu waliojenga mahekalu na misikiti yao mjini. Wamishonari wa Kanisa la Waadventista Wasabato walifungua kituo chao cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Kanisa Katoliki na lile la Kianglikana yalikita mizizi katika kipindi hicho hicho.

Wenyeji nao walianzisha makanisa yao. Yohana Owalo aliasisi kanisa la Nomiya mwanzoni mwa karne ya 20, huku Legio Maria, iliyoongozwa na Simeo Ondeto, ikijitenga na Kanisa Katoliki katika miaka ya 1960.

Katika mazingira hayo, ni nadra imani ya afisa kulingana kikamilifu na imani ya kila raia anayefika mbele yake. Lau kila afisa angehudumu kwa kufuata mafundisho ya kanisa au msikiti wake, mume wa wake wawili angekataliwa na afisa asiyekubali ndoa ya mitala, na waliotalikiana wangekataliwa na yule anayeamini kwamba ndoa haivunjiki ila kwa kifo. Leo angeumia mmoja, kesho angeumia mwingine. Madhehebu yenye waumini wachache ndiyo yangeumia zaidi, kwa sababu maafisa wa imani yao ni wachache.

KATIBA YASEMA NINI?

Kifungu cha 8 cha Katiba ni kifupi mno: hakuna dini ya taifa. Kutokana na kifungu hicho, ofisi ya serikali haiwezi kuwa na imani, ingawa anayeikalia anaruhusiwa kuwa nayo.

Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, fikra na maoni. Sehemu yake ya nne inaeleza kwamba mtu hatashurutishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani au dini yake. Haikuwatenga watumishi wa umma, na hiyo ndiyo hoja kuu ya afisa anayekataa kazi fulani kwa sababu ya dhamiri.

Hata hivyo, sehemu ya tatu ya kifungu hicho hicho inasema kwamba mtu hatanyimwa nafasi ya kuingia katika taasisi, kuajiriwa, kutumia huduma au kufurahia haki yoyote kwa sababu ya imani au dini yake. Sehemu hiyo inawakinga watu wawili kwa pamoja. Inamkinga mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu tu ni Mwislamu au Msabato, na inamkinga raia asifungiwe mlango kwa sababu dini yake si ile ya afisa.

Kifungu cha 27 kinatangaza kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kukataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kichinichini, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Kifungu cha 232 kinawataka watumishi wa umma kutoa huduma kwa haraka, kwa ufanisi, bila upendeleo na kwa usawa. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 nayo inawataka maafisa wa serikali watekeleze kazi zao bila kuegemea upande wowote.

Uhuru wa dini na haki ya usawa hazimo katika orodha fupi ya Kifungu cha 25, ambayo inataja haki zisizoweza kupunguzwa kamwe, kama vile kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Kwa hivyo zote mbili zinaweza kuwekewa mipaka chini ya Kifungu cha 24, mradi mipaka hiyo iwekwe na sheria, iwe na sababu ya msingi, na isizidi kiasi kinachohitajika. Kinachobaki ni kupima katika kila tukio ni nani anayebeba mzigo, na ni mzigo wa uzito gani.

PALE SHERIA INAPOIKABIDHI DINI OFISI

Baadhi ya watu hudhani kwamba kuitaka ofisi ya umma isiegemee dini yoyote ni kuifukuza dini serikalini. Sheria za Kenya hazisemi hivyo. Pale Katiba ilipotaka dini iongoze uamuzi wa afisa, ilisema waziwazi.

Mfano bora ni Mahakama ya Kadhi. Kadhi hulipwa na umma na huamua kesi kwa sheria ya Kiislamu. Lakini Kifungu cha 170 kimemwekea mipaka: atasikiliza masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pekee, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa katika mahakama hiyo. Kifungu cha 24 nacho kinakubali haki ya usawa ilegezwe kwa kiasi kinachohitajika ili sheria hiyo itumike mbele ya makadhi.

Mfano wa pili ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Padri au mchungaji anapofungisha ndoa, hufuata kanuni za kanisa lake, na hakuna anayeshangaa akikataa kumwoza mtu aliyetaliki. Msajili wa serikali yuko katika nafasi tofauti. Maharusi waliotoa ilani ya angalau siku 21 na kutimiza masharti ya sheria wana haki ya kufungishwa ndoa, hata kama mmoja ni Mkristo na mwenzake Mwislamu, na hata kama msajili anaona moyoni kwamba ndoa hiyo haifai.

Naam, ndoa ya kiserikali iliwekwa hasa kwa ajili ya wale ambao hawawezi, au hawataki, kupitia katika mlango wa dini. Msajili akiufunga mlango huo kwa sababu ya dini yake, anawarudisha watu hao kule kule ambako sheria ilikusudia kuwaondoa.

KESI ILIYOAMULIWA NA MAHAKAMA YA JUU

Kesi ya Kenya iliyo karibu zaidi na suala hili ilianzia katika ofisi ya usajili. Mwaka wa 2013, Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilikataa kumwidhinishia mwanaharakati Eric Gitari jina la shirika alilotaka kulisajili, la kutetea haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja. Bodi ilitaja Sheria ya Kanuni za Adhabu, ambayo inaharamisha vitendo hivyo.

Kesi ilipofika katika Mahakama Kuu, upande wa serikali uliegemea pia imani za kimaadili na kunukuu aya za Biblia na Kurani. Majaji Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na George Odunga, katika uamuzi wa Aprili 2015, walieleza kwamba imani za kimaadili na za kidini, hata zikishikiliwa kwa nguvu kiasi gani, haziwezi kuwa msingi wa kupunguza haki za mtu, kwa kuwa imani hizo si sheria zinazotambuliwa na Katiba kwa madhumuni hayo.

Mahakama ya Rufaa iliukubali uamuzi huo mwaka wa 2019 kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Mnamo Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ilifanya vivyo hivyo, pia kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, aliomba uamuzi huo uangaliwe upya, lakini ombi lake lilitupwa Septemba mwaka huo.

Uamuzi huo ulizua hasira nyingi, na mara nyingi umeelezwa visivyo. Mahakama ya Juu haikuhalalisha ndoa za jinsia moja, kwani Kifungu cha 45 cha Katiba kinazungumzia haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Wala haikufuta vifungu vya Sheria ya Kanuni za Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu, katika kesi nyingine, ilikataa kuvifuta Mei 2019. Iliamua jambo moja: kwamba kila mtu ana haki ya kujumuika na wenzake, na afisa wa usajili hawezi kuwanyima watu haki hiyo kwa sababu tu ya jinsi walivyo.

Ni kweli kwamba katika kesi hiyo hakuna afisa aliyedai kuwa dhamiri yake binafsi imevunjwa. Lakini somo lake linamgusa kila mtumishi wa umma. Iwapo bodi nzima ya serikali haiwezi kutumia maandiko matakatifu kama sababu ya kumnyima raia haki yake, afisa mmoja dirishani hawezi kuwa na mamlaka makubwa kuliko bodi hiyo. Bodi yenyewe sasa haipo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, iliunda mamlaka mpya mahali pake.

SABATO NA HIJABU

Wanaodhani kwamba mahakama za Kenya huipuuza dini wanapaswa kutazama kesi mbili za shule.

Ya kwanza ni ya Waadventista Wasabato, wenye waumini wengi katika kaunti za ufuo wa ziwa. Kanisa hilo lililalamika kwamba wanafunzi wake walilazimishwa kuhudhuria masomo siku ya Jumamosi, ambayo kwao ni siku ya ibada. Lilishindwa katika Mahakama Kuu, lakini mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ililipa ushindi na kuzitaka shule ziwape wanafunzi hao nafasi ya kuadhimisha Sabato.

Ya pili ilihusu wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono mwaka wa 2016. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa jinsi ombi lilivyowasilishwa, huku ikiacha wazi nafasi ya suala hilo kufikishwa upya mbele ya Mahakama Kuu.

Katika kesi ya Sabato, aliyetakiwa kulegeza kamba ni taasisi, na mwanafunzi aliyekwenda kusali Jumamosi hakumnyima mwenzake darasa. Kukataa kumhudumia raia ni jambo la aina nyingine, kwa kuwa mtu anayelipa gharama hiyo si mwenye imani.

MATAIFA MENGINE

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliziweka aina hizo mbili za madai katika uamuzi mmoja Januari 2013. Mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways, Nadia Eweida, alishinda baada ya kukatazwa kuvaa msalaba mdogo kazini, kwa kuwa msalaba wake haukumdhuru abiria yeyote. Lakini msajili mmoja wa halmashauri ya Islington jijini London, aliyekataa kusajili miungano ya watu wa jinsia moja kwa sababu ya imani yake ya Kikristo, alishindwa. Mahakama iliona kwamba halmashauri ilikuwa na haki ya kulinda usawa wa wanaohudumiwa.

Nchini Marekani, karani wa Kaunti ya Rowan katika jimbo la Kentucky, Kim Davis, alikataa kutoa vyeti vya ndoa baada ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuruhusu ndoa za jinsia moja Juni 2015. Hakukataa kwa niaba yake pekee, bali aliwazuia pia wasaidizi wake kutoa vyeti hivyo. Septemba mwaka huo alizuiliwa jela kwa siku kadhaa kwa kukaidi amri ya mahakama. Novemba 2025, Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa yake.

Mfano wa Afrika Kusini ndio unaofundisha zaidi. Sheria ya miungano ya kiraia ya 2006 iliwaruhusu maafisa wa serikali kuomba kwa maandishi wasifungishe ndoa za jinsia moja. Ilionekana kuwa njia ya kuwaridhisha wote. Lakini ilitokea kwamba ofisi nyingi zilibaki bila afisa hata mmoja aliye tayari, na haki iliyoandikwa katika vitabu ikawa haipatikani mashinani. Mwaka wa 2020, Bunge lilikifuta kifungu hicho.

MZIGO UNAMWANGUKIA NANI?

Jibu la haraka kwa afisa mwenye dhamiri ni kumwambia ajiuzulu. Jibu hilo halitoshi. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani, na utumishi wa umma usio na watu wa dini ungekuwa umewatenga Wakenya walio wengi. Katiba yenyewe inaonyesha njia ya kuheshimu dhamiri: mtu anayeingia katika ofisi ya serikali anaweza kuapa kwa jina la Mungu au kutoa tamko rasmi lisilo na kiapo, na ofisi anayoingia ni ile ile.

Ndivyo inavyopaswa kuwa hata katika zamu za kazi. Chukua mfano wa zahanati ya umma yenye wauguzi wanne, mmoja wao akiamini kwamba mbinu za kisasa za kupanga uzazi ni dhambi. Msimamizi anaweza kumpangia kazi ya chanjo au ya kuwapima wajawazito, na wenzake watatu wakashughulikia upangaji uzazi. Mwanamke aliyefika asubuhi atahudumiwa bila hata kujua kwamba mpango huo upo. Hapo dhamiri imelindwa, na Sheria ya Afya ya 2017, inayowapa wanaume na wanawake haki ya kupata huduma hizo, imetekelezwa.

Mambo hubadilika iwapo muuguzi huyo yuko peke yake. Kumwambia mgonjwa aende kwingine ni kumtwika nauli, siku ya kazi iliyopotea na fedheha mbele ya waliopanga foleni. Katika hali hiyo, wajibu wa kumtafuta mhudumu mwingine ni wa serikali, nao unapaswa kutimizwa kabla raia hajafika mlangoni. Na maisha yakiwa hatarini hakuna mjadala: Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Yapo pia mambo ambayo hayawezi kugawanywa kwa zamu. Mkuu wa ofisi ambaye saini yake ndiyo pekee inayohitajika hawezi kukwepa kwa hoja ya imani bila kuifunga ofisi nzima. Vilevile, hakuna dhamiri inayompa afisa ruhusa ya kuficha faili, kumhubiria raia badala ya kumjibu, au kumzungusha kwa “njoo kesho” mpaka achoke.

Raia aliyekataliwa naye ana njia. Kifungu cha 47 na Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya 2015 zinampa haki ya kudai sababu za uamuzi kwa maandishi. Sababu ikishaandikwa, inaweza kupimwa na mkubwa wa afisa huyo, na Tume ya Haki ya Kiutawala, inayojulikana na wengi kama Ombudsman na ambayo imekuwa na ofisi mjini Kisumu, au na Mahakama Kuu.

Mkazi wa Milimani akikataliwa katika ofisi ya umma, anaweza kumlipa wakili au kwenda hospitali ya kibinafsi jioni hiyo hiyo. Mama anayeuza omena Nyalenda hana dirisha jingine. Kwake, sheria ya usawa ni yule afisa aliyeketi mbele yake, na barua anayoandikiwa au kunyimwa ndiyo itakayoamua kama mtoto wake atapata cheti cha kuzaliwa. Afisa ana haki ya kusali anavyoamini na kuomba apangiwe kazi isiyoikera dhamiri yake. Muhuri alioshika si wake wala si wa kanisa au msikiti wake. Ni wa mama huyo pia.